SAA HAIMJUI MTU
Somo la historia: Maisha ya Bibi Beryl Burton, mwendesha baisikeli

Viongozi wa vikundi, tafadhalini wakusanyeni wanafunzi karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu. Andikeni ubaoni maneno haya manne: ridhaa, wastani, mfululizo, rekodi. Tutayaeleza moja moja kadiri tutakavyokutana nayo.

Mara nyingi somo la historia hutueleza habari za wafalme, vita na mikataba. Leo tutasoma habari za mtu wa kazi. Ni mwanamke wa Kiingereza, jina lake Beryl Burton. Alifanya kazi ya mikono katika shamba la mtu, alikuwa na mume na mtoto, na alipokuwa mtoto mwenyewe alishindwa mtihani na kulazwa hospitali. Hata hivyo, kwa miaka 25 hakutokea mwanamke katika Uingereza aliyemzidi katika mbio ndefu za baisikeli. Na siku moja ya mwaka 1967 aliwapita hata wanaume.

Tutauliza swali moja tu leo: mtu hupimwa kwa nini, na nani ana haki ya kusema kwamba kipimo kimekwisha?

Mtoto aliyeambiwa asijichoshe

Beryl alizaliwa tarehe 12 Mei, 1937, katika mji wa Leeds, kaskazini ya Uingereza. Wakati huo Leeds ulikuwa mji wa viwanda, na hasa viwanda vya nguo.

Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, watoto wengi wa Kiingereza walifanya mtihani walipofika umri wa miaka 11. Waliofaulu walikwenda katika shule za masomo ya juu, ambako mlango wa Chuo Kikuu ulikuwa wazi. Waliobaki walikwenda katika shule nyingine, na wengi wao waliishia kazi za viwandani. Kwa hiyo siku moja ya mtihani iliweza kuamua njia ya maisha yote ya mtoto.

Beryl hakufaulu mtihani huo. Tena, wakati huo huo wa utoto, aliugua sana. Alishikwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huweza kuudhuru moyo, pamoja na ugonjwa wa neva unaofanya mikono na miguu kutikisika bila mtu mwenyewe kutaka. Alikaa hospitali, kisha katika nyumba ya wagonjwa wanaopata nafuu, kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Alipotoka, madaktari walimwonya asifanye mambo ya kuuchosha mwili.

Basi huyo ndiye msichana aliyeingia katika dunia ya kazi. Shule ilikuwa imesema neno lake, na hospitali imesema lake. Alipata kazi katika kiwanda cha nguo mjini Leeds.

Kiwandani alikutana na kijana aitwaye Charlie Burton. Charlie alikuwa mpenzi wa baisikeli na mwanachama wa chama cha waendesha baisikeli cha Morley, mji mdogo ulio karibu na Leeds. Walioana mwaka 1955, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kike, Denise.

Charlie ndiye aliyemwingiza mkewe katika mchezo huo. Mwanzoni Beryl hakuwa hodari. Charlie mwenyewe alikumbuka kwamba wenzake walilazimika kumsukuma kidogo mgongoni ili asiachwe nyuma. Mwaka wa pili akaweza kwenda sawa nao. Mwaka wa tatu alikuwa mbele, na wao nyuma wakimfuata. Angalieni jambo hilo: haikuwa siku moja wala mwezi mmoja. Ilikuwa miaka mitatu ya kujifunza.

Mbio za saa ni nini?

Ili tuelewe habari za Beryl, lazima tujue namna Waingereza walivyoshindana. Katika nchi nyingi za Ulaya, kama Ufaransa na Italia, waendesha baisikeli huondoka wote pamoja, na anayefika kwanza ndiye mshindi. Lakini Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19, wakuu wa mchezo waliogopa kwamba polisi wangepiga marufuku baisikeli barabarani kwa sababu ya makundi ya watu wanaokwenda mbio. Kwa hiyo wao wenyewe walikataza mbio za makundi katika barabara za watu wote.

Mwaka 1895 mtu mmoja aitwaye F. T. Bidlake aliandaa mbio za namna nyingine. Kila mtu aliondoka peke yake, na nyuma yake mwingine akafuata baada ya muda fulani. Msimamizi alikaa na saa, akaandika wakati wa kuondoka na wakati wa kufika. Aliyetumia muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Mbio hizo zilifanywa asubuhi na mapema, na kwa miaka mingi waendeshaji walivaa nguo nyeusi ili wasivute macho ya watu. Sisi leo tutaziita mbio za saa.

Katika mbio za saa hakuna hila. Huwezi kujificha nyuma ya mwenzako akukinge upepo. Upo wewe, barabara, na saa. Saa haiulizi ulisoma shule gani, wala baba yako ni nani, wala kama wewe ni mwanamume au mwanamke. Inahesabu tu.

Neno la kwanza ubaoni ni ridhaa. Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa kupenda mwenyewe, bila kulipwa mshahara kwa mchezo wake. Beryl alikuwa mchezaji wa ridhaa maisha yake yote. Alipokwisha kupata sifa alitakiwa aingie katika mbio za kulipwa, lakini alikataa.

Kazi ya shamba

Basi alikula nini? Alikula jasho lake. Kwa miaka mingi Beryl alifanya kazi katika shamba la Bwana Nim Carline, mwanachama mwenzake katika chama cha Morley, ambaye naye alikuwa bingwa wa mbio ndefu. Shamba hilo lilikuwa la mmea mmoja wenye mashina mekundu machachu, ambayo Waingereza huyapika pamoja na sukari. Wilaya hiyo ya Yorkshire ilikuwa maarufu kwa zao hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito: kulima, kuinama, kung'oa mashina makubwa yenye udongo wa baridi, na kuyabeba. Wale waliokuwa wakishindana naye, hasa wanawake wa Urusi ya Kisovyeti, walikuwa na makocha na msaada wa serikali. Beryl alikuwa na jembe na mumewe.

Nasema mumewe kwa sababu historia hii ingekuwa pungufu bila ya Bwana Charlie. Aliacha matumaini yake mwenyewe ya kushindana ili amsaidie mkewe. Alitengeneza baisikeli, alimpeleka kwenye mbio, na alimtunza mtoto mama alipokuwa barabarani. Katika miaka ile haikuwa kawaida, huko Ulaya wala kwingine, mume kushika mtoto na spana ili mke ashinde.

Ushindi wa dunia

Mwaka 1957 Beryl alipata nafasi ya pili katika mbio za saa za maili 100 za taifa. Mwaka uliofuata alianza kutwaa ubingwa wa taifa, na hakuacha kwa muda mrefu.

Mashindano ya dunia ya baisikeli kwa wanawake yalianza mwaka 1958 tu. Mwaka 1959 Beryl alikwenda Liège, katika Ubelgiji, akashinda mbio za kufukuzana. Katika mbio hizo watu wawili huanza pande mbili za kiwanja cha duara, kila mmoja akijaribu kumfikia mwenzake. Alizishinda mara tano kwa jumla: 1959, 1960, 1962, 1963 na 1966.

Mwaka 1960 mashindano yalifanywa katika Ujerumani ya Mashariki. Huko Beryl alishinda mbio za kufukuzana, kisha akaingia katika mbio za barabarani ambamo wote huondoka pamoja. Hakungojea mwisho. Aliwaacha wenzake, akaenda peke yake kama vile yuko nyumbani katika mbio za saa, na akafika mbele yao kwa zaidi ya dakika tatu. Alivikwa fulana ya bingwa wa dunia, nyeupe yenye mistari ya rangi za upinde wa mvua. Kisha akarudi kwenye kazi yake ya kawaida.

Neno la pili ubaoni ni wastani. Ukienda maili 30 saa ya kwanza na maili 20 saa ya pili, umekwenda maili 50 kwa saa mbili. Wastani wako ni maili 25 kwa saa. Kila mwaka Waingereza walichukua mwendo wa kila mwanamke katika maili 25, maili 50 na maili 100, wakatafuta wastani. Mwenye wastani wa juu ndiye aliyeitwa bora kuliko wote nchini.

Neno la tatu ni mfululizo, yaani bila kukatika. Beryl alikuwa bora kuliko wote kuanzia mwaka 1959 hadi 1983. Hiyo ni miaka 25 mfululizo. Alipoanza alikuwa kijana wa miaka 22. Alipomaliza alikuwa na miaka 46, na wasichana waliozaliwa baada ya ushindi wake wa kwanza walikuwa wakishindana naye.

Mwaka 1963 alikuwa mwanamke wa kwanza kwenda maili 25 kwa muda usiofika saa moja. Mwaka 1968 alikwenda maili 100 kwa saa 3, dakika 55 na nukta 5. Hapana mwanamke aliyeivunja rekodi hiyo kwa miaka 18. Rekodi ndilo neno letu la nne: ni kiasi kikubwa kuliko vyote vilivyopata kufikiwa na kuandikwa.

Siku moja ya Septemba, 1967

Sasa sikilizeni habari iliyomfanya ajulikane zaidi. Mwanzoni mwa mwezi wa Septemba, 1967, Beryl alikuwa Heerlen, katika Uholanzi, akashinda tena mbio za barabarani za dunia. Majuma mawili baadaye, tarehe 17, alikuwa nyumbani Yorkshire. Huko palikuwa na mbio za saa za namna ya pekee. Hazikuwa za kumaliza maili fulani, bali za kuendesha kwa muda wa saa 12 kamili. Anayekwenda mbali zaidi katika muda huo ndiye mshindi.

Wanaume 99 walitangulia, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho wao alikuwa Mike McNamara, mmoja wa mabingwa wakubwa wa wakati ule. Beryl aliondoka dakika mbili nyuma yake. Mbio za wanawake na za wanaume zilihesabiwa mbali mbali, lakini barabara ilikuwa moja na saa ilikuwa moja.

Saa zilikwenda. Mmoja baada ya mwingine, Beryl aliwafikia wanaume na kuwapita, mpaka akabaki mmoja tu mbele yake. Huyo alikuwa McNamara, na naye hakuwa amelegea hata kidogo. Siku hiyo hiyo alikuwa akielekea kuvunja rekodi ya wanaume ya Uingereza. Walipokuwa wamekwisha kuendesha zaidi ya maili 200, Beryl alimwona mgongo. Akamfikia.

Beryl mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakujua la kumwambia. Alikuwa na peremende mfukoni. Akatoa moja, akampa. McNamara akaipokea kwa shukrani, akaila. Kisha Beryl akaenda zake.

Saa 12 zilipokwisha, McNamara alikuwa amekwenda maili 276 na nusu na kidogo. Ilikuwa rekodi mpya ya wanaume. Lakini Beryl alikuwa amekwenda maili 277 na robo. Alimzidi kwa karibu robo tatu ya maili. Maili hizo 277 na robo ni kama kilometa 446, karibu sawa na safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa miguu ya mtu mmoja, kabla siku haijakwisha.

Hapana mwanamume wa Uingereza aliyefikisha maili hizo mpaka mwaka 1969. Kwa hiyo, kwa miaka miwili, rekodi ya mwanamke ilikuwa juu ya rekodi ya wanaume. Kwa upande wa wanawake, rekodi hiyo ilidumu nusu karne. Ilivunjwa mwaka 2017 na Alice Lethbridge, ambaye alikwenda zaidi ya maili 285.

Milango iliyofungwa

Ndugu wasikilizaji, mtauliza: mtu wa namna hiyo alipata nishani ngapi za Olimpiki? Jibu ni kwamba hakupata hata moja, kwa sababu hakuruhusiwa kushindana. Mbio za baisikeli za wanawake ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984, mjini Los Angeles, Beryl alipokuwa na miaka 47. Wanaume walikuwa wakishindania nishani hizo tangu mwaka 1896. Na mbio za saa, ambazo alizijua kuliko wote, hazikuwa na ubingwa wa dunia kwa wanawake mpaka mwaka 1994.

Serikali ya nchi yake haikumsahau kabisa. Malkia Elizabeth wa Pili alimpa nishani ya heshima mwaka 1964, na nyingine mwaka 1968. Lakini heshima haikumwondoa shambani.

Mama na binti

Historia ya kweli haifichi upande mgumu wa mtu. Beryl alitaka kushinda, na hamu hiyo haikulala hata ndani ya nyumba yake.

Binti yake Denise alikua akawa bingwa naye. Mwaka 1972 mama na binti walichaguliwa pamoja kuiwakilisha Uingereza katika mashindano ya dunia. Mwaka 1976, katika mbio za ubingwa wa taifa za barabarani, walifika karibu na mwisho pamoja. Katika hatua za mwisho Denise alimpita mama yake na kushinda. Washindi waliposimama mbele ya watu, Beryl alikataa kumpa binti yake mkono.

Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1986, alieleza kwamba aliona Denise hakufanya sehemu yake ya kazi njiani, bali alihifadhi nguvu kwa ajili ya mwisho. Lakini alikiri pia kwamba tendo lake halikuwa la kimichezo. Mwaka 1982 mama na binti walipanda baisikeli moja ya watu wawili, wakavunja rekodi ya Uingereza ya wanawake ya maili 10.

Tufikiri juu ya jambo hili. Bidii ile ile iliyomtoa mtoto mgonjwa kitandani ndiyo iliyomzuia mama kunyosha mkono. Bidii ni kama moto wa jikoni. Bila moto hakuna chakula, lakini lazima mtu auchunge.

Mwisho wa safari

Beryl Burton hakuacha baisikeli. Kwa jumla alitwaa ubingwa wa taifa zaidi ya mara 90. Tarehe 5 Mei, 1996, juma moja kabla ya kutimiza miaka 59, alitoka nyumbani kwa baisikeli kupeleka barua za kuwaalika watu katika sherehe ya kuzaliwa kwake. Moyo wake ulisimama njiani, akafa. Ulikuwa moyo ule ule ambao madaktari waliuogopea alipokuwa mtoto. Ulikuwa umemchukua karibu miaka 40 ya mashindano.

Mjini Morley kuna bustani ya kumkumbuka, na picha yake kubwa imechorwa ukutani. Mwaka 2012 maisha yake yalifanywa mchezo wa redio katika nchi yake.

Ndugu wasikilizaji, mtihani wa miaka 11 ulimpima Beryl kwa siku moja. Hospitali ilimpima alipokuwa kitandani. Vipimo hivyo havikuwa vya uongo, kwa maana siku ile kweli hakufaulu, na wakati ule kweli alikuwa mgonjwa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kipimo cha siku moja ni kipimo cha maisha. Ninyi mnaoshika kalamu leo, wengine mkiwa na wajukuu, mnajua habari hiyo kuliko mimi. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini Waingereza walianza kushindana kwa saa badala ya kuondoka wote pamoja?

2. Mchezaji wa ridhaa ni mtu wa namna gani? Je, Beryl alifanya vema kukataa mbio za kulipwa? Toeni sababu za pande zote mbili.

3. Bwana Charlie alisaidia kwa njia gani? Je, katika nyumba zetu nani humsaidia anayekwenda darasani?

4. Hesabu: Mtu amekwenda maili 100 kwa muda wa saa 4. Wastani wake ni maili ngapi kwa saa? Kisha jaribuni: Beryl alikwenda maili 277 kwa muda wa saa 12. Je, wastani wake ulizidi maili 23 kwa saa?

5. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu juu ya jambo aliloambiwa hataliweza, na hali yake sasa.

Viongozi wa vikundi, yakusanyeni madaftari na kuyasahihisha kabla ya somo lijalo. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, na kazi njema.